Ng'ombe akifa ghafla, tuulize gunia kabla ya jirani

Katika vilima vya Djugu na Irumu huku Ituri, na hata katika mitaa ya Bunia ambako mbuzi hufungwa nyuma ya nyumba, mnyama aliyelala mzima na kukutwa amekufa asubuhi hupatiwa maelezo upesi sana. Atasemwa jirani, atasemwa mchungaji aliyefukuzwa bila mshahara, atasemwa mtu wa kabila lingine aliyeonekana akipita njiani jioni. Neno litakalotajwa ni sumu, na sumu kwetu haikosi mwenyewe: lazima awepo mtu mwenye kinyongo. Hoja yangu ni kwamba mara nyingine neno hilo ni la kweli na mwenye kinyongo hayupo. Sumu ilikuja ndani ya gunia la chakula cha kuku, au ndani ya chupa ya dawa ya sindano, ikanunuliwa kwa pesa halali, na aliyeipeleka zizini kwa nia njema ni mwenye mnyama mwenyewe. Kilichoshindwa ni moyo. Na kwa kuwa hatujazoea kuuhesabu moyo wa mnyama kuwa kitu kinachoweza kuharibiwa na bidhaa ya dukani, tunahesabu mizoga tu, kisha tunaanza kutafuta mkosaji.

Wataalamu wa elimu ya sumu wana namna ya kufikiri ambayo ingetufaa hapa. Hawaridhiki kusema kwamba dawa fulani inaua. Wanafuata mlolongo mzima: kemikali inagusa nini kwanza ndani ya seli, mguso huo unavuruga kazi gani, mvurugo unafikaje kwenye kiungo kizima, na kiungo hicho kikiharibika mnyama anapatwa na nini. Mwisho wa mlolongo ndilo tokeo la madhara, yaani lile jambo ambalo sheria na kanuni zinapaswa kulizuia: uzazi kupungua, ini kuharibika, saratani, moyo kushindwa kusukuma damu. Tangu 2012 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, linaratibu kazi ya kuiandika milolongo hiyo mmoja mmoja na kuiweka wazi mbele ya wote. Kazi hiyo inaonekana ya vitabuni, lakini ina matumizi ya mikono kabisa. Anayejua hatua zinazotangulia hana haja ya kungoja hatua ya mwisho ndipo aseme kuna hatari. Anaweza kuingilia kati kwenye gunia, kwenye kipimo cha dawa, au kwenye dalili ya kwanza shingoni mwa ng'ombe. Sisi tunaingia mlolongo ukiwa umekwisha, wakati ambapo kilichobaki ni ngozi na maneno ya watu.

Inafaa kueleza moyo unavyoshindwa, maana wengi hudhani ni lazima uwe umesimama. Moyo unaoshindwa bado unapiga, ila hauwezi kuimaliza damu inayoufikia. Damu inarundikana nyuma yake. Kwa ng'ombe, mishipa mikubwa ya shingoni hujaa na kubaki imejaa hata akiwa ametulia kivulini. Maji ya damu huvuja na kutua chini ya ngozi, hasa kidarini na chini ya taya, na ukiubonyeza uvimbe huo kwa kidole gumba, shimo linabaki kwa muda kabla ya kujaa tena. Ini linavimba, tumbo linajaa maji, mnyama anakohoa, anahema kwa mwendo mfupi, anabaki nyuma ya kundi. Mchungaji makini huyaona yote hayo, lakini atasema ni mapafu au ni uvivu. Kisha siku moja kundi linapandishwa kilima kwa haraka, au linakimbia milio ya risasi, moyo unadaiwa kazi ambayo hauna tena nguvu ya kuifanya, na mnyama anaanguka hapo hapo. Kwa macho ya waliokuwepo kifo ni cha ghafla. Kwa misuli ya moyo kilianza majuma kadhaa nyuma, na pengo hilo kati ya tunachokiona na kilichotokea ndimo shutuma nyingi zinamozaliwa.

Kwamba kuna sumu zinazochagua moyo, watu wa Ituri hawahitaji kufundishwa. Wambuti huwinda kima juu ya miti kwa mishale iliyopakwa sumu ya mimea ya msituni, na ujuzi wa namna hiyo umeenea kutoka msitu wetu hadi pwani. Katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi, ulioanza 1858 na kumalizika 1864, daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, yule aliyekuja baadaye kuiwakilisha Uingereza huko Zanzibar, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale iitwayo kombe, na alipopiga mswaki akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Sampuli za mmea huo, wa jamii ya Strophanthus, zilifika Edinburgh kwa Thomas Fraser, aliyezijaribu kwa vyura na kuonyesha kwamba zinashika moyo kabla ya kiungo kingine chochote. Kufikia 1885 alikuwa akiitangaza kama dawa ya moyo kwa binadamu. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga sumu ya jamii hiyo hiyo kutoka mti wa Acokanthera, ule unaotumiwa na wawindaji wa Kenya na Somalia. Hata mnyama ameigundua: yupo panya mkubwa mwenye manyoya marefu wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi, ambaye watafiti walioongozwa na Jonathan Kingdon walieleza mwaka 2011 kwamba hutafuna gamba la mti huo na kujipaka mate yenye sumu ubavuni, na mbwa anayemuuma huweza kufa. Sumu hizi huzima pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje ya seli. Sodiamu ikibaki ndani, kalsiamu nayo hurundikana, na misuli ya moyo hujikaza isiweze kulegea. Nyama ya kima huliwa bila madhara kwa sababu utumbo haufyonzi sumu hiyo vizuri. Ni mfano mzuri wa kanuni ninayotaka kuijenga: kemikali ile ile, mwili tofauti, njia tofauti ya kuingia, matokeo tofauti kabisa.

Kuna upande mwingine wa historia hiyo usiopendeza. Mwavi, mti uliotumiwa katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati kuwahukumu waliosingiziwa uchawi, una sumu kwenye gamba lake inayoshambulia moyo kwa namna inayofanana na hiyo. Aliyetapika aliachiwa, na aliyeanguka alionekana mwenye hatia. Kushindwa kwa moyo kulisomwa kama ushahidi wa roho mbaya, ilhali kilichopimwa ni kiasi cha gamba na upesi wa tumbo kukitoa. Sidhani tumeiacha kabisa tabia ya kusoma hatia mahali palipo na kemia. Tumeihamisha tu kutoka kwa mshitakiwa hadi kwa mzoga wa ng'ombe, na sasa anayeanguka ni mnyama, anayehukumiwa ni jirani.

Sasa tuje kwenye gunia. Monensini ni dawa inayotengenezwa na bakteria wa udongo, ilielezwa na wanasayansi mwaka 1967 na ikaanza kutumiwa katika chakula cha kuku Marekani mwaka 1971. Kazi yake ni kuzuia vijidudu vinavyowafanya kuku kuhara damu, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ufugaji wa kuku wa nyama duniani umeiegemea kwa miaka hamsini. Dawa hii huua vijidudu hivyo kwa kubeba sodiamu na kuiingiza ndani ya seli ya kijidudu hadi ipasuke. Tatizo ni kwamba seli ya moyo wa mnyama nayo haina kinga ya mgeni huyo. Sumu ya mshale hufunga mlango wa kutokea, monensini hufungua wa kuingilia, na nyumba inajaa maji yale yale: sodiamu, kisha kalsiamu, kisha vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, mitokondria, huvimba na kufa. Misuli ya moyo haioti upya kama ngozi. Sehemu iliyokufa inabaki kovu. Ndiyo maana farasi aliyeponea sumu hii anaweza kuonekana mzima kwa miezi, kisha akafa siku anapokimbizwa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini ikishaingia.

Tofauti kati ya wanyama ndiyo inayopaswa kutuamsha. Kiasi kinachoua nusu ya kuku waliopewa hufika hadi miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mbuzi ni kama 25. Kwa kondoo ni kama 12. Kwa farasi, na punda wamo katika hesabu hiyo, ni 2 au 3 tu. Kanga, ambaye mtu angedhani ni kuku mwenye madoa, naye yumo katika orodha ya wanaokatazwa. Kwa hiyo swali la kama dawa hii ni salama halina jibu hadi umtaje mnyama. Na hata kuku mwenyewe si salama kila wakati: mfugaji akimpa tiamulini, dawa ya mafua ya kuku na ya mapafu ya nguruwe, huku chakula kikiwa na monensini, ini la kuku linashindwa kuivunja monensini, na kiasi kilichokuwa cha kawaida kinageuka cha kuua. Dawa zote mbili ni halali, na kila moja peke yake imefanya kazi yake. Mwuaji ni mkutano wao, na mkutano huo hutokea mikononi mwa mtu asiyeambiwa.

Tufanye hesabu ya kawaida ya mchanganyaji wa chakula. Kuku wa nyama huwekewa takriban gramu 110 za monensini katika tani moja. Ikiwa unga wa dawa una gramu 200 za monensini kwa kilo, basi tani nzima, yaani magunia ishirini ya kilo 50, inahitaji gramu 550 za unga huo: zaidi kidogo ya nusu kilo. Mwenye mashine nzuri ataisambaza sawasawa. Anayechanganya kwa beleshi juu ya sakafu ya saruji, akimwaga dawa katikati ya rundo la mahindi na kuligeuza mara chache jua likiwa kali, anaweza kuiacha sehemu kubwa katika gunia moja. Tuseme yote imeishia humo. Gunia hilo lina dawa mara ishirini ya kiasi kilichokusudiwa. Mbuzi wa kilo 20 anafikia kiasi cha kuua kwa kula kama robo kilo tu ya chakula hicho, vikonzi viwili au vitatu alivyoiba gunia likiwa wazi. Kondoo wa uzito huo anahitaji nusu yake. Kuku wenyewe wanafikia mpaka wao kwa chakula cha siku moja. Unga wenyewe kabla ya kuchanganywa ni hatari zaidi: nusu kijiko cha chai kinaweza kumwua mbuzi yule yule. Na unga huo, kwa jinsi ulivyo, haufanani na sumu. Ni unga mkavu kama unga mwingine wowote wa dukani.

Mtu atasema: lakini si kila gunia Bunia lina monensini. Ni kweli, na sidai hivyo. Wengine hutumia dawa nyingine, wengine hawaweki kitu. Ninachosema ni kwamba mnunuzi hana namna ya kujua, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa na virutubisho vya mifugo vinavyotufikia hupitia Uganda, kwa Mahagi, Aru au bandari ya Kasenyi, maandishi yake ni ya Kiingereza, na vingi hufunguliwa na kuuzwa kwa vipimo vidogo katika karatasi tupu. Onyo lililoandikwa na kiwanda linabaki kwenye mfuko wa kwanza. Mteja wa tatu anapata unga bila jina. Na monensini nimeichukua kama mfano kwa sababu namba zake ziko wazi. Mashudu ya pamba, chakula ambacho wafugaji wa Uganda na wa Kanda ya Ziwa ya Tanzania wanakijua vizuri, yana gosipoli, rangi ya asili ya mbegu ya pamba, ambayo kwa nguruwe na ndama huharibu moyo polepole. Hapo hakuna kosa la mchanganyaji wala dawa ya kiwandani. Nguruwe anakula mashudu mwezi mmoja, miwili, anapendeza, kisha anaanza kuhema kwa kutikisa mbavu, na anakufa. Tumbo na kifua hukutwa vimejaa maji na moyo umetanuka. Ng'ombe mkubwa anakula mashudu hayo hayo na kunenepa, kwa kuwa tumbo lake la kwanza huifunga gosipoli kabla haijafika kwenye damu. Umoja wa Ulaya umeweka mipaka kwa kufuata tofauti hiyo: miligramu 500 kwa kilo ya chakula cha ng'ombe mkubwa, 100 kwa ndama, 60 kwa nguruwe, 20 kwa kuku wa mayai na watoto wa nguruwe. Mama na mtoto wake zizini wametenganishwa mara tano. Mfugaji anayewamwagia chakula kimoja hana kosa la uzembe. Hakuna aliyemwonyesha mstari huo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la maradhi. Mnyama wa Ituri anaweza kufa kwa sababu nyingi zilizo karibu kuliko gosipoli. Nguruwe wetu wanamalizwa na homa ya nguruwe ya Afrika. Ng'ombe wana ndigana na nagana. Kimeta huua kwa saa chache, nacho hakiko mbali: mnamo Aprili 2025 hifadhi ya Virunga ilitangaza viboko wasiopungua 50 waliokufa kandokando ya mto Ishasha, na vipimo vikathibitisha kimeta. Zaidi ya hayo, ng'ombe aliyemeza waya au msumari, jambo la kawaida mjini, huweza kuchomwa moyo kutoka tumboni na kuonyesha uvimbe ule ule wa kidari niliousimulia. Nakubali yote. Na ni kwa sababu hiyo hiyo siwashauri wafugaji kuchukua visu na kufungua mizoga ili kutafuta moyo ulioharibika. Mzoga unaotoa damu puani au nyuma, uliovimba upesi bila kukakamaa, haufunguliwi na mtu yeyote. Anaitwa daktari wa mifugo, ambaye atachukua tone la damu sikioni, na mzoga unazikwa kwa kina au kuchomwa. Lakini wingi wa maradhi hauondoi haja ya kuuliza juu ya sumu. Unaifanya iwe kubwa zaidi, kwa maana kila kifo cha sumu kinachoandikwa kuwa homa ya nguruwe kinaharibu hesabu mbili kwa pamoja: tunapigana na ugonjwa mahali usipokuwepo, na gunia linaendelea kuuzwa. Maswali matatu husaidia kuitenganisha sumu na maradhi bila maabara yoyote. Je, kulikuwa na homa? Je, wamekufa wa aina moja tu, au wale waliokula katika chombo kimoja? Je, vifo vilikoma chakula kilipobadilishwa? Sumu ya chakula kwa kawaida haileti homa, na huwafuata walioshiriki chakula, haimfuati aliyelala karibu.

Pingamizi la pili hutoka kwa wasomi: moyo wa mnyama si moyo wa mtu, na yanayotokea maabarani kwa panya au kwa farasi hayatuhusu sana. Hapa Kongo ina mfano wake wa kipekee, ingawa wagonjwa walikuwa mbali. Mwaka 1965 na 1966, katika mji wa Quebec nchini Kanada, karibu watu hamsini waliokuwa wanywaji wakubwa wa bia walilazwa kwa moyo kushindwa, na kama ishirini wakafa. Kiwanda kilikuwa kimeongeza chumvi ya kobalti ili povu la bia lidumu. Kobalti, madini ambayo leo zaidi ya nusu ya yale yanayochimbwa duniani yanatoka kwetu, ilikuwa imeshawahi kutolewa na madaktari kwa wagonjwa wenye upungufu wa damu, tena kwa kiasi kikubwa kuliko kilichokuwa katika bia hiyo, bila wao kupatwa na balaa la namna ile. Wanywaji wa Quebec walitofautiana nao kwa jambo moja lililoonekana wazi: walikunywa sana na kula vibaya. Miili iliyodhoofika haikuvumilia kilichovumiliwa na miili mingine. Majaribio yaliyofuata kwa panya yalionyesha kwamba kobalti huharibu misuli ya moyo kweli. Kwa hiyo mnyama hakudanganya, na hakuhitaji kufanana na mtu kwa kila kitu ili atoe onyo. Na kuna somo la ndani zaidi linalotuhusu sisi: mipaka ya usalama iliyochapishwa kwenye lebo ilipimwa kwa wanyama walioshiba, wenye maji na kivuli. Ng'ombe aliyehamishwa mara tatu kwa vita, mwenye minyoo na nagana, hana akiba hiyo. Mpaka ulioandikwa kwa ajili ya mnyama mwingine, kwake ni mpana kupita kiasi.

Wa tatu atauliza kwa hasira, na hasira yake ina msingi: watu wanakufa Djugu, kambi za waliokimbia zimejaa, jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, nawe unaandika juu ya mioyo ya mbuzi? Naandika kwa sababu ya hayo. Kwa familia iliyopoteza shamba, mbuzi watatu ndiyo karo ya shule, ndiyo hospitali, ndiyo mahari. Akifa mmoja kwa unga wa kuku, kilichopotea ni akiba ya mwaka. Kisha kuna uzito wa shutuma. Vita vya 1999 hadi 2003, na vilivyorudi mwishoni mwa 2017, vimeacha jimbo ambamo ng'ombe ana maana kuliko nyama yake, na ambamo mzoga mmoja usioelezwa unaweza kuongezwa kwenye orodha ya madai ambayo tayari ni ndefu. Sisemi kwamba dawa za mifugo ndizo zilizoleta vita. Hilo lingekuwa upuuzi. Nasema kwamba kila kifo kinachoweza kuelezwa kwa gunia na kikaachwa kielezwe kwa jirani ni kuni za bure. Chifu anayesuluhisha kesi ya ng'ombe aliyekufa angepaswa kuwa na swali moja la lazima kabla ya kusikiliza mashahidi: mnyama huyu alipewa nini, chakula na sindano, katika majuma manane yaliyopita?

Sindano nimezitaja, na sitakaa hapo sana, ila zisisahaulike. Tilmikosini, dawa nzuri ya mapafu ya ng'ombe inapochomwa chini ya ngozi, huua mbuzi kwa kuushambulia moyo, na imeshaua watu waliojichoma kwa bahati mbaya wakati mnyama aliporuka. Kalsiamu ikiingizwa haraka mshipani kwa ng'ombe aliyelala baada ya kuzaa husimamisha moyo ambao ilikuja kuusaidia. Mtu anayetembea na sindano kutoka boma hadi boma bila kusomea, na wako wengi kwa kuwa madaktari wa mifugo ni wachache, anaweza kufanya kosa hilo kwa moyo mweupe, na hakuna atakayelitambua.

Nini kifanyike, basi, katika mji ambao maabara kuu ya mifugo ya nchi iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, na njia ya kufika huko ni ndege? Kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ya moyo imeumia, troponini, kinatumika hospitalini kwa binadamu na mara nyingi hufanya kazi kwa mbuzi na ng'ombe pia, lakini kwa bei yake sitakiweka mbele ya mfugaji wa kawaida. Naanza na vitu visivyohitaji umeme. Kipande cha moyo kilichotolewa na daktari, kikiwekwa katika formalini, kinasafiri majuma mengi bila barafu. Chakula kinachoshukiwa, nusu kilo ndani ya mfuko mkavu pamoja na lebo ya gunia, kinasafiri hata zaidi. Daftari la ukaguzi wa mifugo la jimbo liongezwe safu moja: kifo cha ghafla, chakula gani, dawa gani, tangu lini. Baada ya mwaka, vifo vitano vilivyotawanyika Aru, Mahagi na Bunia, ambavyo leo ni misiba mitano ya familia tano, vitaonekana kama ni gunia moja au sivyo. Chuo cha kilimo kilicho hapa mjini kinaweza kulisoma daftari hilo bila kungoja mfadhili, na kituo cha utafiti cha Nioka, ambacho kimejishughulisha na mifugo tangu enzi za Wabelgiji, kingekuwa mahali pa asili pa kulihifadhi.

Wafanyabiashara watalalamika kwamba masharti ya lebo yatapandisha bei. Kidogo, labda. Gharama yenyewe ni kibandiko cha Kiswahili chenye mistari minne: jina la dawa iliyomo, wanyama wanaoruhusiwa, wanyama wanaokatazwa, na dawa zisizochanganywa nayo. Kwa asiyesoma, picha ya mbuzi, ya punda na ya kanga iliyokatwa kwa mstari mwekundu inatosha. Kuuza unga wa dawa kwa kijiko ndani ya karatasi tupu kukatazwe moja kwa moja, kwa kuwa hapo ndipo onyo la kiwanda linapopotea. Duka litakaloonyesha kwamba chakula chake kimechanganywa kwa hatua, dawa kwanza ndani ya kilo tano za pumba, kisha hamsini, ndipo tani nzima, liruhusiwe kujitangaza hivyo, na wafugaji watajua pa kwenda. Mahali pa kuanzia ni forodha za Mahagi, Aru na Kasenyi, ambako mzigo unakaguliwa tayari kwa ajili ya ushuru: afisa anayehesabu magunia anaweza pia kuangalia kama yameandikwa yasilishwe nani, na lile lisiloandikwa libaki upande wa pili hadi mwenye mali alibandike.